Mchawi Azaliwe Wapi?

Dadu tatu za ludo kutoka kichochoro cha Kikuubo zinatosha kupima akili ya mchawi katika Dungeons & Dragons ya 1974, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa kubuni: unarusha, unajumlisha, unapata 3 hadi 18. (Mchawi wa vitabu, si wa kuroga jirani.) Lakini Gary Gygax na Dave Arneson hawakuiachia bahati peke yake. Mbilikimo alikatazwa uchawi kabisa. Elvi, kiumbe wa msituni mwenye vipaji vingi, aliruhusiwa, ila akasimamishwa ngazi ya 8 ili asimzidi binadamu, ambaye hakuwekewa kikomo.

Toleo la mwaka 2000 liliondoa vikomo, lakini nusu-oki akapunguziwa alama 2 za akili, nazo ndizo nguvu ya mchawi. Hapo Mganda hawezi kupita haraka. Waingereza waliandikisha Waacholi kwa wingi katika King's African Rifles kwa hoja kama hiyo: hawa wamezaliwa kwa vita, wale kwa kalamu. Kwangu mimi kikomo cha elvi kilikuwa afadhali. Kilimsimamisha aliyekwisha kusoma, hakikumwita mjinga tangu tumboni.

Mwaka 2020 wachezaji waliruhusiwa kuzihamisha alama hizo. Tangu 2024 zinafuata malezi: aliyelelewa ukarani aweza kuongeza akili, awe mbilikimo au oki.