Saratani ya utumbo mpana: nasaba, homoni na damu tunayoificha

Tangu nihamie huku Eldoret, Wapwani wenzangu wanaoleta wagonjwa hospitalini huniuliza swali moja: je, saratani ya utumbo mpana hurithiwa?

Mji huu unasifika kwa wakimbiaji, lakini pia una daftari muhimu. Tangu 1999 Sajili ya Saratani ya Eldoret huandika wagonjwa wa saratani wa Uasin Gishu. Ukanda huu unajulikana zaidi kwa saratani ya umio. Ya utumbo mpana haitajwi sana, nayo ipo. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya upasuaji Uganda kwa miaka mingi, alieleza mwaka 1971 kwamba Waafrika waliugua maradhi haya kwa nadra kwa kuwa walikula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Siku hizi sahani zetu si zile alizoziona yeye.

Tuje kwenye urithi. Wagonjwa wengi hawakurithi jeni mbovu. Wachache wamerithi, na walio wengi kati yao wana hitilafu katika jeni za kurekebisha makosa ndani ya chembe, kama MLH1 na MSH2. Hali hii huitwa Lynch. Wengine hudhani ni lazima wazazi wawe binamu walioana. Sivyo. Mzazi mmoja akiwa na hitilafu hiyo, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi, awe wa kiume au wa kike.

Na homoni je? Wanaume huugua zaidi kuliko wanawake, jambo lililowafanya wataalamu waitazame estrojeni. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, wenye wanawake zaidi ya 16,000 waliokoma hedhi, ulionyesha kuwa waliomeza vidonge vya estrojeni pamoja na projestini walipata saratani hii kwa uchache. Lakini saratani ya matiti na kiharusi viliongezeka, kwa hiyo vidonge hivyo si kinga ya kununua dukani.

Hapo wataalamu wakaingia ndani ya jeni zenyewe: zile zinazotengeneza estrojeni, na zile za vipokezi vyake, kwa mfano ESR2 ambayo hufanya kazi kwenye ukuta wa utumbo. Walitafuta tofauti ndogo ndogo baina ya mtu na mtu. Majibu yamepishana, na pale athari ilipoonekana ilikuwa ndogo. Tena waliopimwa wengi ni watu wenye asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za jeni duniani. Kwa hiyo akitokea mtu kukuuzia kipimo cha jeni za homoni eti kikutabirie saratani ya utumbo, weka pesa zako mfukoni.

Kipimo kilicho karibu nawe ni kuulizia nasaba. Muulize mama, shangazi na ami: nani aliugua tumbo, na akiwa na umri gani? Ikiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja alipata saratani hii, ushauri wa kawaida ni uanze kuchunguzwa ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa nao, lolote litakalotangulia. Wenye Lynch huanza mapema zaidi, katika miaka ya ishirini. Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera, na akiona vinyama huviondoa kabla havijageuka saratani.

Kwetu Pwani, damu chooni huitwa bawasiri, mtu akanyamaza kwa haya. Huenda ni bawasiri kweli, lakini atakayejua ni aliyepima. Damu isiyokoma, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda au kupungukiwa damu bila sababu, hayo yapeleke hospitali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.