Kioo Chini ya Meza: Vipi Mchezo wa Siri Uligeuka Mchezo wa Kutazamwa



Kamari kwetu ni jina baya, na sikuja hapa kulisafisha. Lakini karata zenyewe si ngeni kwetu hata kidogo. Neno karata tumelitoa kwa Wareno, na majina ya jamii zake nne, yaani kopa, uru, shupaza na pau, yote ni Kireno kilichokaa pwani yetu mpaka kikasahau kwao. Kwa hivyo ninaposimulia habari za poka ya Marekani nitatumia majina yetu haya haya, maana yapo na yanatosha.

Ninalotaka kueleza ni hili. Watu wengi husema poka ilienea duniani kwa sababu ya intaneti. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kijikamera kidogo, na bila ya hicho sidhani kama leo tungekuwa tunayazungumza haya.

Kwanza tuuelewe mchezo. Namna inayochezwa zaidi, inayoitwa Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha mezani huwekwa karata tano za wazi ambazo ni za wote. Anayeunganisha karata tano zilizo bora ndiye mshindi. Lakini kabla ya kufunuliana kuna kuweka dau, na hapo ndipo penye mchezo khasa, kwani mtu anaweza kuweka dau kubwa hali hana kitu, mwenzake akaogopa akatupa karata zake. Akishatupa, basi. Aliyemzuga halazimiki kuonesha alikuwa na nini. Siri anaondoka nayo.

Sasa mchezo kama huu utautazamaje? Mtu wa nje anaona wazee wamekaa kimya wanasukuma sarafu za bandia. Ndiyo maana historia yake ya zamani imejaa hadithi kuliko ushahidi. Husimuliwa kwamba mwaka 1949 huko Las Vegas, Johnny Moss na "Nick the Greek" Dandolos walicheza miezi mitano mbele ya watu katika nyumba ya Benny Binion. Watafiti wengine wanaitilia shaka hadithi hiyo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mwaka 1970 Binion huyo huyo alianzisha World Series of Poker pale Horseshoe, na bingwa wa kwanza, Moss, hakupatikana kwa kushinda fainali, alipigiwa kura na wenzake! Mwaka 1971 ndipo ukaja utaratibu uliopo mpaka leo: wote mnaingia na sarafu sawa, zikikwisha unatoka, anayebaki peke yake ndiye bingwa. Mwaka 1972 kiingilio kikawa dola 10,000, na hakijabadilika mpaka leo, jambo la ajabu ukizingatia dola ya mwaka ule na ya sasa.

Kwa miaka thelathini mashindano haya yalikua kwa mwendo wa kobe. Televisheni zilikuja zikaondoka. Watazamaji hawakukaa, kwa sababu hakuna cha kutazama.

Aliyevunja ukuta huu ni mtu ambaye maisha yake peke yake ni kitabu. Henry Orenstein alikuwa Myahudi wa Poland, akapita katika kambi za Wanazi na kutoka hai, akahamia Marekani akawa mtengenezaji wa vitu vya watoto kuchezea. Alikuwa mchezaji wa poka pia, na mwaka 1995 alipata hataza ya meza yenye kamera zinazoweza kuona karata za siri za kila mchezaji. Uingereza ndiko fikra hii ilikoonekana mwanzo kwenye televisheni, mwaka 1999, katika kipindi cha Late Night Poker cha Channel 4, kilichopigwa Cardiff. Meza ilitiwa vioo, kamera ziko chini yake. Mie wakati huo nilikuwa huku huku, nikirudi kazini usiku wa manane, na nakumbuka jambo moja tu: kwa mara ya kwanza mimi niliye nje nilijua zaidi kuliko waliokaa mezani. Namuona mtu anadanganya, namuona mwenzake anataabika, na mimi ninaujua ukweli wote. Huo ni utamu mwengine kabisa.

Sasa twende Mei 2003. Mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, na hilo ndilo jina lake la kweli, si la utani, aliingia katika mashindano madogo ya intaneti kwa dola 86. Magazeti mengi yaliandika 39 au 40, lakini mwenyewe baadaye alisema 86. Akashinda nafasi ya kwenda Las Vegas, na haya ndiyo yakawa mashindano yake ya kwanza makubwa ya kukaa mezani uso kwa uso. Walioingia walikuwa 839. Mwishoni wakabaki wawili, yeye na Sammy Farha, mzaliwa wa Lebanon, mchezaji wa kazi, sigara mdomoni isiyowashwa.

Hapo likatokea lililobadilisha kila kitu. Mezani zipo tisa, sita na nane za shupaza, na mbili na tatu za jamii nyengine. Farha ana jozi ya tisa. Moneymaker ana mfalme wa shupaza na saba ya kopa, yaani alikuwa akingojea shupaza moja zaidi apate tano, haikuja. Hana kitu. Akasukuma sarafu zake zote. Farha akafikiri, akafikiri, akatupa karata. Muda mfupi baadaye Moneymaker akawa bingwa na dola milioni 2.5.

Hebu fikirini. Ingekuwa mwaka 1980, nani angelijua lile? Farha angeliondoka akidhani amejiokoa. Kwa kuwa kamera za ESPN ziliziona karata, mamilioni waliuona uwongo ule ukifanya kazi, na kila mmoja akasema: kama mhasibu ameweza, mie nina nini? Mwaka 2004 waliingia 2,576. Mwaka 2005, 5,619. Mwaka 2006, 8,773. Ilipokuja sheria ya Marekani ya 2006 kuzibana pesa za kamari za intaneti, hesabu ilishuka, na Aprili 15, 2011 serikali ikazifungia tovuti kubwa. Tungetegemea mashindano yafe. Hayakufa: 2023 waliingia 10,043, na 2024 wakawa 10,112. Kwangu mimi huu ndio ushahidi kwamba intaneti ilikuwa mlango tu. Kilichowavuta watu ndani ni kuona.

Lakini pana upande wa pili, na ndio ulionitia kuandika. Kamera ile ile iliyofunua pazia moja imeteremsha jengine. Mashindano ya 2003 yalikwenda siku tano, televisheni ikatoa vipindi saba vya saa moja moja. Zile saa za kutupa karata, kutupa karata, kutupa karata, zimekatwa. Hesabu nazo hazioneshwi. Watu 839 kwa dola 10,000 ni dola 8,390,000. Zawadi zilikuwa 7,802,700, kilichobaki, dola 587,300, kilikatwa na wenye nyumba. Nyumba haichezi, lakini haikosi. Waliolipwa chochote ni 63. Watu 776 walikwenda zao mikono mitupu, na hakuna anayeyajua majina yao.

Hata walioshinda, tuwatazame baada ya taa kuzimwa. Stu Ungar, ambaye wengi wanamhesabu kuwa fundi kuliko wote, alichukua ubingwa 1980, 1981 na tena 1997. Novemba 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli ya rahisi Las Vegas, na umri wake miaka 45.

Nayasema haya kwa sababu vijana wetu huku ughaibuni wanatazama. Nimewasikia wakizungumza, wanalijua jina la Moneymaker, wanaijua mfalme wa shupaza na saba ya kopa, nao wanadhani wamesoma historia. Wamesoma meza moja, usiku mmoja, wakiwa wanaziona karata zote. Siku watakapokaa wao, hakutakuwa na kioo chini ya meza. Watakuwa na karata zao mbili tu, kama Farha.

Wenye ziada waongeze.

Wasalaam.