Boriti: Historia ya Biashara ya Mikoko, kutoka Pwani hadi Ghuba

Katika karne ya 10, al-Istakhri, bingwa wa jiografia, aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari tajiri ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Biashara ya miti ya pwani yetu basi ina umri wa zaidi ya miaka 1,000.

Chanzo chake ni uhitaji. Ghuba ina tende na lulu, lakini haina miti ya kutosha ya kubebea dari. Huku kwetu, delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu vimejaa mikoko, na mti wake umenyooka, ni mgumu, na mchwa hawauwezi. Upepo wa kaskazi uliwaleta manahodha wa Sur ya Oman, Kuwait na Uajemi wakiwa na tende, chumvi, papa mkavu na mazulia. Wa kusi ukawarudisha na shehena ya miti.

Kazi yenyewe ilikuwa ya matope. Wakataji waliingia vijitoni kwa mashua, wakakata kwa shoka maji yakiwa yamekupwa, wakaburura miti hadi ukingoni na kungoja maji yajae ndipo wapakie. Hesabu ilikwenda kwa korija, yaani miti 20, na kila unene ulikuwa na jina na bei yake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa nyumba. Chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja ni kirefu lakini chembamba, kiasi cha mita 3 hivi au pungufu, kwa kuwa mti hauwezi kuvuka zaidi ya hapo na kubeba dari ya mawe na chokaa. Vyumba vya zamani vya Kuwait na Bahrain navyo vilifuata kipimo hichohicho.

Wareno walipita, masultani wa Oman wakahamia Unguja, na miti ikaendelea kusafiri. Wajerumani ndio walioleta karatasi. Mwaka 1898 waliitangaza mikoko ya Rufiji kuwa msitu wa hifadhi chini ya serikali, na Salale, ndani ya delta, pakawa kituo cha maofisa wa misitu. Magome nayo yaliuzwa nje kwa kazi ya kutengeneza ngozi. Tangu hapo mtu aliyekuwa akikata kwa idhini ya wenyeji alihitaji idhini ya ofisi, na Waingereza walipoitwaa Tanganyika utaratibu huo haukuondoka.

Mwaka 1939, Alan Villiers, baharia wa Australia, aliingia Rufiji ndani ya jahazi la Kuwait lililokwenda kupakia boriti. Aliyoyaona yamo katika kitabu chake Sons of Sinbad: joto, mbu, na mabaharia waliokuwa wakipakia wenyewe.

Miaka michache baadaye soko likageuka. Kuwait ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1946. Fedha ikanunua saruji na nondo, na dari za miti zikabomolewa pamoja na mitaa yake. Upande wa Kenya, serikali ilipiga marufuku kusafirisha mikoko nje mwaka 1982. Wakataji wa Lamu wakabaki na soko la ndani, nalo likafungwa Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, kabla ya kufunguliwa tena baadaye.

Msitu una haki ya kulindwa, kwani samaki na kaa huzaliwa humo. Lakini historia ya pwani imewataja masultani na magavana kwa majina, na mkataji hana hata ukurasa. Wako wazee waliofanya kazi hiyo kabla ya 1982. Vyuo na makumbusho yetu yawafuate sasa, yaandike majina yao na ujuzi wao, maana wao ndio waliozijenga bandari za pande mbili za bahari.