Msomi Anadaiwa Nini?

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alinipigia simu jioni. Amemaliza kidato cha sita, amefaulu vizuri, na alikuwa anajaza maombi ya chuo.

"Shikamoo shangazi. Nisome ustawi wa jamii kama wewe, au nitafute kitu chenye hela?"

Nikamwambia nitampigia kesho. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja, na nilisoma kwa mkopo. Usiku ule nikatoa slipu zangu za mshahara kwenye bahasha, nikazipanga mezani ili nimpe jibu la namba. Lakini kadiri nilivyohesabu, ndivyo nilivyoona kwamba swali lake ni la zamani kuliko mkopo wenyewe. Mtu aliyesomeshwa na nchi anadaiwa nini, na analipaje?

Chuo kikuu chetu kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Miaka iliyofuata serikali ikabeba gharama za wanafunzi. Hakuna aliyeuita mkopo, ila usidhani hapakuwa na deni. Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwatafutia wenzake. Asiporudi, huyo ni msaliti.

Deni hilo likaja kudaiwa kweli. Serikali ikaamua kwamba wasomi wote wapitie Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa sehemu ya muda huo wafanye kazi zao kwa mshahara uliokatwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wakaandamana hadi Ikulu kupinga. Karibu 400 wakafukuzwa, wakarudi makwao. Mwalimu naye akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Nikisoma habari hizo leo huwa natabasamu kidogo, maana ukiacha siasa zake zote, ugomvi ule nao ulikuwa na habari ya makato ndani yake.

Mwaka 1973 Bunge likatunga sheria ya kuanzisha chuo cha kufundisha maafisa ustawi, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma: kijana afanye kazi kwanza, chuo kikuu baadaye. Katika fikra za miaka ile, deni la msomi lililipwa kwa utumishi.

Kisha hali ya uchumi ikabana. Miaka ya 90 mwanzoni tukaanza kusikia neno "uchangiaji". Kuanzia 1994 fedha alizopewa mwanafunzi zikawa mkopo wa kurejeshwa. Sheria ya Bodi ya Mikopo ikapitishwa 2004, Bodi ikaanza kazi 2005, na ikapewa pia jukumu la kukusanya madeni yale ya tangu 1994. Deni likawa na namba, na namba ikahamia kwenye slipu.

Sasa hebu tupige hesabu pamoja. Namba hizi si zangu, nimeziweka rahisi tu. Chukua mhitimu mwenye deni la shilingi 9,600,000 na mshahara wa msingi wa 600,000. Makato ya zamani yalikuwa asilimia 8, yaani 48,000 kwa mwezi, au 576,000 kwa mwaka. Lakini kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 ya deni kila mwaka. Asilimia 6 ya 9,600,000 ni ngapi? Ni 576,000. Yaani mtu analipa mwaka mzima, na Desemba deni liko palepale lilipokuwa Januari! Mwenye mshahara mkubwa alipenya. Sisi wa mishahara midogo tulikuwa tunakanyagia baiskeli iliyotundikwa.

Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, makato yakawa asilimia 15, hata kwa waliokuwa wamesaini wakijua ni 8. Kwa mhitimu wetu ni 90,000 kwa mwezi. Inauma, ila angalau deni likaanza kushuka. Mei Mosi 2021 Rais Samia akatangaza kuifuta tozo ile ya asilimia 6. Bila tozo, 90,000 kwa mwezi inamaliza milioni 9.6 kwa miezi 107, karibu miaka tisa. Ni mingi, lakini ina mwisho.

Hizo ndizo namba. Sasa kuna upande ambao slipu hauonyeshi. Sheria ya Mtoto ya 2009 imempa afisa ustawi kazi nzito: wazazi wakigombea mtoto, au mtoto akifikishwa mahakamani, mahakama hutegemea ripoti yetu. Nimewahi kwenda kijiji cha mbali kwa bodaboda niliyoilipa mwenyewe, kwa sababu mtoto alikuwa analala kwa jirani na tarehe ya kesi ilikuwa imekaribia. Siku ile nilijiuliza: hivi nalipa deni mara mbili? Mara moja kwa shilingi, na mara ya pili kwa utumishi uleule aliokuwa akiudai Mwalimu?

Bado naamini jibu ni ndiyo. Na naamini nchi inayodai vyote viwili kwa mtu mmoja inapaswa kuangalia upya nani amekula chakula cha nani.

Kesho yake nikampigia.

"Marahaba mwanangu. Sikukatazi. Lakini usiende na moyo tupu, nenda na karatasi. Andika ada, andika bumu, jumlisha miaka yote, kisha gawanya kwa asilimia 15 ya mshahara wa kuanzia. Ujue utamaliza ukiwa na miaka mingapi."

Nikamwambia pia kuna njia ya kina Musoma: asome stashahada, atafute kazi, digrii aichukue baadaye akiwa na mshahara. Ni njia ndefu, lakini mzigo wake unagawanyika, na akiona kazi haimfai atakuwa hajadaiwa mamilioni.

Akakaa kimya kidogo. "Na wewe shangazi, umebakiza mingapi?"

"Miezi kumi na minne."

"Ukimaliza utaacha kazi?"

Nikacheka. Pale mezani, juu ya zile slipu, kulikuwa na faili la mtoto mmoja, na kesi yake ilikuwa Jumatatu.