ASIYEONA NA KITABU: TUSIMGEUZIE USO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu yangu, sura ya Abasa unaijua. Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akatokea Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, anataka kufundishwa. Mtume akakunja uso, na Allah (S.W.) akateremsha aya za kumtanabahisha. Baadaye kipofu huyo akawa mwadhini Madina pamoja na Bilal. Mwenye kuja kutafuta elimu hageuziwi uso.

Umma huu uliwahi kulishika somo hilo. Imam Shatibi, aliyefariki Misri mwaka 1194, alikuwa haoni, na hadi leo wanafunzi wa visomo vya Qur'ani wanahifadhi beti zake 1,173. Zaynuddin al-Amidi wa Baghdad, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14, alikuwa muuza vitabu asiyeona. Alisokota karatasi kwa umbo la herufi, akazibandika kwenye vitabu vyake, akajua bei kwa kupapasa. Louis Braille alitoa nukta nundu zake mwaka 1829, miaka 500 hivi baadaye!

Hapa Unguja, vyuoni mwetu elimu ilipita mdomoni na sikioni. Mwalimu anasoma, mwanafunzi anashika, na asiyeona alikuwa na nafasi yake. Kisha Sayyid Barghash akaleta mtambo wa kuchapa vitabu, kiasi cha mwaka 1880. Neema kubwa, lakini karatasi iliyochapwa haimsemeshi asiyeona. Inabidi angoje wa kumsomea.

Mwaka 2013, mjini Marrakesh, mataifa yalikubaliana kwamba kitabu kigeuzwe sauti, nukta nundu au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona, wenye uoni hafifu na wasioweza kushika kitabu, bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki. Tanzania ilijiunga mwaka 2020.

Basi tizama rafu ya msikiti wako, ya madrasa yako, ya skuli ya mwanao. Kipo hata kimoja anachoweza kukisoma ndugu yako asiyeona? Tuanze na tunachokiweza. Muulize mwenyewe anataka kitabu gani na kwa njia gani. Rikodi darsa, uweke sauti maktabani. Na kwenye makundi ya simu, andika maneno badala ya kurusha picha ya ukurasa, maana simu yake humsomea maandishi, na picha mara nyingi huishinda.

Allah atujaalie tuwe wenye kuwafungulia wenzetu milango ya elimu. Amin.