Siguatera: Sumu ya Samaki Inayoanzia Kwenye Matumbawe Yaliyokufa

Siguatera ni ugonjwa unaompata mtu aliyekula samaki wa miamba mwenye sumu mwilini. Samaki huyo huenda amevuliwa alfajiri ile ile, macho maangavu, hana harufu mbaya. Kwa hiyo sisi tuliolelewa pwani, tunaojisifu kumjua samaki mzuri kwa kumtazama tu, hatuna kinga kumzidi mtu wa bara. Mimi si tabibu. Nilikuwa karani, na nimezoea kupanga mambo kwa utaratibu. Basi nimeyapanga haya kwa ajili ya wazee wenzangu na vijana wenye watoto wa kulisha.

Asili ya jina

Jina limetoka katika Kihispania cha Cuba, ambako konokono wa baharini aitwaye cigua alilaumiwa kwa ugonjwa huu. Maradhi yenyewe ni ya kale. Mwaka 1774 mabaharia wa Kapteni James Cook waliugua katika visiwa ambavyo leo ni Vanuatu, baada ya kula samaki wekundu wa miamba.

Sumu inavyopanda

Samaki haitengenezi sumu hii. Inatokana na mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao wataalamu huuita Gambierdiscus. Mwani huo hauelei ovyo. Hujishikiza juu ya mimea mingine ya baharini. Kangaja na pono wanapokula mimea hiyo, humeza na sumu. Chewa, mkunga na mzia huwala hao, na sumu hujikusanya mwilini mwao mwaka hadi mwaka. Samaki mkubwa mla wenzake ndiye mwenye hatari zaidi, hasa ini, mayai, utumbo na kichwa chake.

Kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Kipimo cha tahadhari kinachotumika Marekani, kwa sumu ya aina ya Pasifiki, ni sawa na gramu moja ndani ya tani 100,000 za samaki.

Matumbawe yanaingiaje?

Tumbawe lililo hai halina nafasi ya kuotewa na mimea. Likifa kwa joto la maji, baruti, nanga, tufani au tope la ujenzi, hubaki gofu tupu, na baada ya muda mfupi hufunikwa na mimea. Hapo Gambierdiscus hupata makazi. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi, Shelisheli ikiumia sana. Katika pwani ya Tanzania baruti za wavuvi zimevunja miamba kwa miaka mingi. Huku Oman, tufani Gonu ya Juni 2007 iliharibu matumbawe pia.

Mfano unaotajwa sana ni wa Polynesia ya Ufaransa. Katika miaka ya 1960 jeshi la Ufaransa lilijenga huko vituo vya majaribio ya nyuklia. Kwenye visiwa kama Hao na Gambier, matumbawe yalichimbwa na kulipuliwa ili kupata njia za meli, gati na viwanja vya ndege. Baada ya hapo visa vya siguatera viliongezeka sana. Ni katika visiwa vya Gambier ndipo Takeshi Yasumoto, Raymond Bagnis na wenzao walipougundua mwani huu mwaka 1977, nao ukapewa jina la visiwa hivyo.

Hata hivyo, si kila mwamba uliokufa huzaa sumu. Uharibifu hufungua mlango tu. Joto, mkondo wa maji na aina ya mwani ndivyo vinavyoamua nani ataingia.

Hali ya upande wetu

Ugonjwa unajulikana sana Mauritius na Réunion, na Mauritius ina sheria inayokataza kuuzwa kwa baadhi ya samaki. Katika Ghuba, mwani wa jamii hii umeonekana Kuwait. Hilo halina maana kwamba samaki wa sokoni wana sumu, ila tusiseme hayatuhusu. Nguru, yule tunayemwita kanadi huku, ameleta siguatera Queensland, Australia, ingawa hakai mwambani. Hula samaki waliotoka huko.

Tusichanganye mambo. Maji mekundu ya 2008 na 2009, yaliyoua samaki Oman na Falme za Kiarabu, yalitokana na mwani mwingine, unaoelea. Na msiba wa kisiwa cha Panza, Pemba, Machi 2024, ambapo watu 9 walifariki, wanane kati yao watoto, ulitokana na nyama ya kasa. Hiyo ni sumu nyingine, ila nayo haitoki kwa kupika.

Dalili

Kwa kawaida huanza ndani ya saa 24: kutapika, kuharisha na maumivu ya tumbo. Kisha midomo, vidole na nyayo huwasha na kufa ganzi, viungo huuma, na mapigo ya moyo yanaweza kushuka. Dalili ya kuikumbuka ni hii: kitu cha baridi huchoma kama moto. Mgonjwa akishika glasi ya maji ya barafu na kulalamika kwamba imemuunguza, mwambieni daktari hivyo hivyo, na mtaje samaki aliyeliwa. Vifo ni nadra, lakini uchovu na muwasho huweza kudumu wiki au miezi.

La kufanya

Kupika, kukaanga, kugandisha, kutia chumvi na ndimu havitoi sumu hii. Kutumbukiza sarafu ya fedha chunguni, au kutazama kama nzi wanamkwepa samaki, ni imani tu.

Mkiwa safarini visiwani, muulizeni mvuvi wa pale ni mwamba gani hawauvui. Epukeni mkunga na mzia mkubwa, wala msile ini na mayai ya samaki wa miamba. Akiugua mtu, apelekwe hospitali. Dawa ya kuiondoa sumu haipo, lakini maji mwilini na moyo huhitaji uangalizi. Akishapona, akae mbali na samaki na pombe kwa miezi kadhaa, maana vinaweza kurudisha dalili. Mama anyonyeshaye amwambie daktari, kwani sumu imepata kupita katika maziwa.

Na vijana wetu wenye boti za matembezi wafunge kwenye boya, wasitupe nanga juu ya matumbawe. Mwamba ukifa, kitoweo cha wajukuu ndicho kinachoingia shaka.