Msitu wa Karura na Waliojitolea Kuutunza



Msitu wa Karura, ulioko kaskazini mwa mji wa Nairobi, ulitangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1932. Lakini tangazo ni karatasi tu. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti langoni. Walipigwa, naye akajeruhiwa kichwani. Mwaka huo huo Serikali ilisimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Hata hivyo, kuokoa si kutunza. Kwa miaka mingi watu waliogopa kuingia msituni kwa ajili ya wanyang'anyi. Ndipo Sheria ya Misitu ya 2005 ilipowapa raia nafasi ya kuunda vyama vya kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Chama cha Marafiki wa Karura kikachanga fedha, ua ukajengwa, vijana wa vijiji vya jirani wakafunzwa ulinzi, na miti ya asili kama mihugu ikapandwa mahali pa mikaratusi. Kuanzia mwaka 2011 familia zilianza kutembea humo kwa amani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na sisi tusingoje kuamshwa na tingatinga. Mwenye jembe na alete jembe, na mwenye nafasi atoe siku yake.